KOFIA ZA NGUZO KUMI

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya walimu, wazee waalikwa na wanafunzi)



Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka niseme juu ya mchango wa msomi katika maendeleo ya taifa. Nilimjibu kwamba mada hiyo imenizidi kimo, nikaomba nipewe ndogo zaidi ambayo naweza kuibeba mwenyewe. Akaniuliza, ipi? Nikamwambia: kofia za nguzo za ukuta wa bustani iliyo mbele ya maktaba. Alicheka kama mnavyocheka ninyi sasa. Chekeni tu, kwani kicheko hakiwekewi ushuru. Ila nawaomba mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu ndani ya habari hii ya vigae na matofali limo deni, na mwenye deni ndiye anayesema nanyi.

Wale tuliosoma pamoja wanakumbuka jinsi ukuta ule ulivyojengwa. Ilikuwa mwaka 1997, nasi tukiwa kidato cha tatu. Ng'ombe wa jirani walikuwa wakiingia bustanini na kula mboga za jikoni na maua ya Mkuu wa Shule bila kubagua. Ikaamuliwa kwamba kidato cha tatu wafyatue matofali, wayachome, na wajenge ukuta mfupi wenye nguzo kumi. Udongo tuliuchimba kule bondeni, maji tulichota mtoni, na tanuru lilisimama pale ulipo sasa uwanja wa mpira wa mikono. Tulifundishwa kazi hiyo na fundi mmoja wa kijiji hiki, ambaye sisi tulimwita Mzee Fundi, na kwa heshima yake nitamwita hivyo hivyo leo.

Saruji ilikuwa mifuko michache tu. Kwa hiyo nguzo tulizijenga kwa tope, kisha tukachapia mishono kwa saruji upande wa nje. Mzee Fundi hakuona aibu kwa jambo hilo. Alituambia kwamba nguzo ya matofali ya kuchoma iliyojengwa kwa tope inaweza kumzika aliyeijenga, maadam ina kofia. Isipokuwa na kofia, alisema, ni sukari iliyoachwa mvuani. Ndiyo sababu alikwenda mwenyewe kwenye misheni jirani, ambako siku hizo bado kulikuwa na akiba ya vigae bapa vya udongo, akaomba vigae themanini, akavileta kwa mkokoteni na kuvipanga katika stoo ya shule. Kila nguzo vigae vinane.

Ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi. Nilikuwa kiranja wa stoo.

Ndugu zangu, sitalizungusha neno hili. Mwenye duka mmoja wa njiani alikuwa akijenga kibanda, akaviona vigae vile. Alinipa shilingi 8,000. Tulinunua mpira, na fedha iliyobaki tulikula mandazi na chai kwa majuma mawili, mimi na wenzangu wanne, ambao sitawataja, ingawa wawili wao nawaona wakitazama sakafu. Mzee Fundi alipokuja kuvichukua vigae nilimwambia vimevunjika wakati wa kupanga upya stoo, na vipande tumevitupa. Alinitazama kitambo. Hakusema kitu. Akachukua saruji kidogo iliyosalia, akapiga lipu juu ya kila nguzo, akafunga mfuko wake wa zana na kwenda zake.

Hiyo ilikuwa Septemba. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, wenye umri wangu hawajazisahau. Hata kabla hatujafanya mtihani wa kidato cha nne, lipu ile ilikuwa imepata nyufa kama uso wa kobe. Nilipita pale kila siku, nikaona, nikanyamaza. Kisha nikaenda zangu kidato cha tano, nikaenda Chuo Kikuu, nikaajiriwa Serikalini. Nguzo zilibaki hapa zikinywa maji.

Mwezi Machi mwaka 2023 Mkuu wa Shule alituandikia barua chama chetu. Nguzo tatu zilikuwa zimekwisha kuanguka kwa nyakati mbalimbali. Ya tatu iliangukia mahali ambapo wanafunzi wa kidato cha kwanza hukaa kusomea jioni. Kwa rehema za Mungu, kengele ya chakula ilikuwa imelia dakika chache kabla, na hapakuwa na mtu. Mkuu aliuliza kama tunaweza kusaidia kuubomoa ukuta na kujenga mwingine wa matofali ya saruji. Barua hiyo ilisomwa katika kikao cha kamati, na wajumbe wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilishindwa kuitikia. Niliomba nipewe muda nikautazame kwanza.

Nilikuja na nyundo ndogo na ngazi. Niligonga kila nguzo kuanzia chini kwenda juu. Hapo nikajifunza jambo la kwanza, ambalo nawaombeni wanafunzi mliandike. Chini nguzo zilikuwa nzima kabisa. Tofali lilijibu nyundo kwa sauti kali, na mishono ilikuwa migumu. Uharibifu ulianzia juu, ukashuka safu tano au sita tu. Tunayo methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nayo ni kweli. Lakini watu wengi wakiisikia huutafuta ufa ubavuni mwa ukuta. Ubavuni maji hupita na kuteremka. Juu ndiko yanakokaa. Yakikaa huingia katika mshono, huyeyusha tope, na kulilegeza tofali. Kiangazi kikija nguzo hukauka na kupasuka, majani huota katika ufa, na mizizi yake humaliza kazi. Nguzo zile hazikuoza miguu, zilioza kichwa.

Basi nilijua kwamba hakuna haja ya kubomoa. Tulihitaji kuondoa safu zilizooza, kuzirudishia, na kuzivika kofia. Nilidhani kwamba kupata kofia ni kazi ya siku moja.

Nilianza kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini. Huko nilionyeshwa vigae vya sakafu vinavyong'aa, vya sentimita 40 kwa 40. Nguzo zetu ni za tofali moja na nusu, yaani sentimita 35 kila upande. Nilifurahi, nikaona kigae kimoja kinatosha nguzo moja, na kinameta. Nikanunua kimoja, tukakibandika juu ya nguzo ya mwisho mwezi Oktoba 2023 ili tuone mvua itasema nini. Mvua ilisema kufikia Aprili: kigae kilibanduka kizima kama kifuniko cha sufuria. Kigae cha namna hiyo kimetengenezwa kukaa ndani ya nyumba. Nje, jua la mchana hukitanua na baridi ya usiku hukirudisha, wakati saruji iliyo chini yake haiendi naye hatua kwa hatua. Ukipatikana upenyo mdogo tu pembeni, maji huingia chini na hayana pa kutokea. Tena kilijitokeza nje ya nguzo sentimita mbili na nusu tu, nayo maji yakafuata uso wa chini wa kigae hadi kwenye tofali, kana kwamba hakuna kofia.

Nikaenda mbali zaidi. Nikiwa Dar es Salaam kwa shughuli za kazi, nilipata habari za nyumba ya zamani inayobomolewa, nikanunua vigae vyake vyekundu vya paa. Hivi ni vigae vya namna ya Mangalore, vilivyopewa jina la mji wa India ambako Misheni ya Basel ilianzisha kiwanda mwaka 1865, na ambavyo vililetwa kwa meli hadi pwani yetu kwa miaka mingi. Ni vigae imara mno. Lakini nilipovileta hapa nikaona kosa langu. Kigae cha paa kina matuta na mifereji, na kina meno ya kushika papi, kwa sababu kimekusudiwa kulala katika mteremko. Ukikilaza juu ya nguzo bapa, mifereji ile ile inayoondoa maji darini huyatunza. Hata hivyo sikupoteza fedha yote: vile vigae vya mgongoni mwa paa, vilivyokunjwa kama kiganja, vimekaa vizuri sana juu ya ukuta ule mwembamba ulio kati ya nguzo na nguzo. Mtaviona mkipita.

Wengine waliniambia niache kuhangaika, nimimine kofia za zege. Nataka kusema kwa haki kwamba shauri hilo ni zuri, na mtu mwenye nguzo nyumbani kwake asilidharau. Tengeneza fremu ya mbao. Changanya saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu. Weka wavu wa nondo nyembamba. Fanya katikati pawe juu kuliko pembeni ili maji yateremke. Na upande wa chini, karibu na ukingo, acha mfereji mdogo kuzunguka ili tone la maji likifika hapo lidondoke badala ya kurudi ukutani. Hiyo ni kofia halali. Kama lingekuwa suala la nguzo peke yake, ningefanya hivyo na leo ningekuwa nawasomea ile hotuba ya maendeleo ya taifa.

Lakini halikuwa suala la nguzo peke yake. Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Fundi.

Nilimkuta amekaa juani, macho yamepungua nguvu, ila masikio yapo. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikajitaja jina na mwaka wangu. Nikamwuliza habari za vigae bapa: vilikuwa na ukubwa gani, na viliwekwaje. Akanieleza yote kana kwamba aliviacha jana. Kigae kina urefu wa sentimita 27 na upana wa 17. Unapanga vinne juu ya nguzo kwa kuzungusha, kila kimoja kikianzia ubavuni mwa mwenzake. Ishirini na saba na kumi na saba ni arobaini na nne, ongeza mshono mmoja, unapata arobaini na tano. Nguzo ni thelathini na tano. Kwa hiyo kofia inajitokeza sentimita tano kila upande, na katikati kunabaki kitundu cha kuziba kwa kipande na saruji. Safu ya pili unaizungusha kinyume cha ya kwanza, ili mshono wa juu usikutane na mshono wa chini. Mimi nimesoma hesabu hadi Chuo Kikuu, ndugu zangu, na sikuwahi kuona hesabu iliyokaa pahali pake vizuri namna ile.

Alipomaliza nikamwambia: "Mzee wangu, vile vigae vya mwaka ule havikuvunjika. Niliviuza."

Akasema: "Nilijua, mwanangu. Vigae themanini haviwezi kuvunjika vyote visiache hata kipande kimoja njiani."

Nikamwuliza kwa nini hakunisema kwa Mkuu wa Shule. Akajibu: "Ungefukuzwa, na nguzo zingebaki bila kofia vilevile. Nilidhani utavirudisha kabla ya mvua." Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Mvua zimekuwa nyingi. Lete themanini."

Basi ndugu zangu, kuanzia siku ile nilikuwa natafuta vigae themanini, wala si kofia ya namna yoyote tu.

Misheni walikwisha kuacha kufyatua vigae zamani, kwani kila mtu alihamia kwenye bati. Hapo nikakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alitukosoa kwa kuing'ang'ania saruji na bati hata tukadharau matofali ya kuchoma na vigae ambavyo ardhi yetu wenyewe inatupa. Nilisoma maneno hayo nikiwa Chuo Kikuu, nikayajibia mtihani na kufaulu. Sikujua kwamba siku moja nitazunguka mkoa mzima nikitafuta kigae kimoja cha udongo.

Mwishoni nilipata kikundi cha akina mama na vijana wanaochoma matofali, kilomita chache kutoka hapa. Vigae hawakuwahi kufyatua, lakini walikuwa tayari kujaribu. Udongo mzuri husinyaa unapokauka na kuchomwa. Udongo wao ulisinyaa karibu sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo tuliwachongea fremu ya sentimita 30 kwa 19, ili kigae kikitoka kiwe 27 kwa 17. Kigae ni chembamba, na kikianikwa juani hujikunja kama jani la mgomba. Tukavianika kivulini juu ya ubao, vikageuzwa kila siku. Walifyatua 150. Walichoma mwezi Agosti 2024 pamoja na matofali yao, kwa pumba za mpunga na kuni kidogo, maana miti nayo imekuwa ghali na haifai kuimaliza. Tanuru lilipofunguliwa, 61 vilikuwa vimepinda au vimepasuka. Vilibaki 89. Themanini vya deni, na tisa vya akiba.

Sasa matofali. Juu ya vigae huwekwa safu moja ya mwisho ya matofali, manne na nusu kwa kila nguzo, yaani 45 kwa nguzo zote kumi. Kwa ukuta wa kawaida tofali la wastani linafaa, ila lile linalokaa juu kabisa mvua hulipiga usoni, na halina budi kuchaguliwa. Katika tanuru, matofali ya pembeni huwa hayakuiva. Yale yaliyokaa mdomoni mwa moto huiva kupita kiasi, mengine yakayeyuka na kupinda. Yanayotakiwa ni yale ya katikati, yaliyoona moto wa kutosha na bado yamenyooka. Mzee Fundi aliletwa kwa gari hadi tanuruni, akakaa juu ya gunia, akapewa matofali mawili mawili. Aliyagonganisha. Lililolia kama kengele aliliweka kulia. Lililolia kama kibuyu alilitupa kushoto.

Mimi, kwa kuwa ni mtu wa ofisini na napenda kuandika, nilikwenda nyuma yake na mizani. Nilipima tofali la kulia likiwa kavu: kilo 2.9. Nikalizamisha majini usiku kucha, nikalipima tena: kilo 3.3. La kushoto lilikuwa kilo 2.6, na baada ya maji likawa 3.3. Kipimo kinachokubalika ni kwamba tofali zuri lisinywe maji yanayozidi sehemu moja ya tano ya uzito wake. Fanyeni hesabu wenyewe, mtaona kwamba la kwanza limefaulu na la pili limeshindwa. Nilirudia kwa matofali kumi, na sikumkuta Mzee amekosea hata mara moja. Wanafunzi wa fizikia, jaribio hili halihitaji maabara. Linahitaji ndoo, mizani na usiku mmoja.

Tulijenga mwezi Septemba 2024. Mikono ilikuwa ya vijana wa kidato cha tatu, macho yalikuwa ya mtoto wa Mzee Fundi, ambaye naye ni fundi, na masikio yalikuwa ya Mzee mwenyewe. Zile nguzo tatu zilizoanguka zilijengwa upya. Katika saba zilizobaki tuliondoa safu zilizooza hadi tukafika kwenye tofali zima, tukazirudishia. Vigae na matofali vililoweshwa kwanza, kwani kigae kikavu hunyonya maji ya saruji kabla haijashika. Mchanganyiko ulikuwa saruji moja kwa mchanga nne. Mimi nilipendekeza tutandike nailoni chini ya vigae kuzuia maji, maana niliona hivyo katika kitabu. Mzee alikataa, akasema kofia iliyokalia nailoni ni sawa na mtu aliyekalia sabuni. Akaniambia safu mbili za vigae ndizo nailoni yenyewe. Alisisitiza jambo moja zaidi: saruji isipakwe chini ya ukingo wa kigae unaojitokeza. Paache pawe safi na pakali, ili tone likate na kudondoka. Juu ya matofali ya mwisho tukafanya mteremko mdogo wa saruji, tukafunika magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba.

Msimu mmoja wa mvua umekwisha kupita. Juma lililopita nilipanda ngazi, nikagonga nguzo zote kumi kuanzia juu. Zimejibu.

Ndugu Mwenyekiti, nafikia mwisho. Katika kazi yangu Serikalini nimepitia mafaili mengi ya majengo. Nimejifunza kwamba mara nyingi hatushindwi katika msingi. Msingi huwekwa kwa sherehe. Hushindwa kile kidogo cha mwisho: mfereji wa paa uliofutwa katika makadirio, mfuniko wa tangi ulioahirishwa, kofia ya ukuta iliyosemwa kuwa ni urembo. Fedha zikipungua, sisi huanza kukata juu. Kila ninapoletewa karatasi ya namna hiyo nitie sahihi, huyaona mandazi yale. Sisemi kwamba mimi ni mtu mwema kuliko wenzangu. Nasema tu kwamba najua bei yake.

Kwenu wanafunzi nina maombi mawili. La kwanza: kila mwaka mwezi Oktoba, kabla ya mvua, kidato cha tatu wapande ngazi na kutazama juu ya nguzo, wala wasitazame ubavuni. Palipo na ufa pazibwe, palipoota jani ling'olewe. Vigae tisa vya akiba nimevikabidhi kwa Mkuu wa Shule, vimo stoo. La pili ni kwa yule aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo. Simjui jina, na sitaki kumjua. Kijana wangu, kama umekwisha kutoa kitu, kirudishe kabla ya mvua. Mimi ilinichukua miaka 27, na nusura nilipe kwa kitu kisicholipika.

Kwa mtunza hazina wa chama: gharama za matofali, saruji na usafiri zimo katika taarifa yako, na wanachama wamechanga, nawashukuru sana. Gharama za vigae usizitafute humo, hazimo. Hizo si mchango.

Na sasa, kwa ruhusa yako Ndugu Mwenyekiti, niseme neno moja na mgeni wetu aliyekaa mstari wa mbele. Mzee wangu, mwaka 1997 ulinikabidhi vigae themanini. Leo vyote vipo juu ya nguzo, vinane kila moja. Naomba, ukitoka hapa, tukushike mkono ukavihesabu.